Kanda Mbili za Mume Wangu

Mume wangu alitaka kamera kubwa, ile ya begani ambayo mpiga video za harusi wa pale Nachingwea alikuwa akiibeba huku watu wakimpisha njia. Mimi nilitaka kamera ndogo ya padri wa parokia yetu, ambayo ukiishika mkononi hakuna anayegeuka kukutazama. Tulibishana tangu chai ya asubuhi mpaka ugali wa mchana ukapoa mezani, na sikumung'unya maneno, maana picha ndizo zilizokuwa zikinilisha. Nilikuwa na studio karibu na soko: chumba kimoja, pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na stuli ya kukalia wateja. Nikamwuliza tangu lini mtu wa korosho akanifundisha kamera. Akanyanyuka na kwenda kukaa nje.

Najua mnacheka mkisikia kamera yenyewe ilikuwa ya kurekodi nini. Ilikuwa ya kurekodi gofu. Ruangwa na gofu, wapi na wapi? Lakini mume wangu, kabla hajanioa, aliishi Dar es Salaam miaka ya tisini akibeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Alibeba, akatazama, akaokota fimbo zilizotupwa, akajifunza jioni uwanja ukibaki mtupu. Mwisho wale mabwana aliowabebea wakawa wanamwita awarekebishe mikono. Halafu baba yake akafariki, mama yake akabaki peke yake na mikorosho kule Mandawa, Ruangwa, na mtoto wa kiume alikuwa ni yeye tu. Akarudi Ruangwa na mfuko wa fimbo juu ya keria ya basi. Mama mkwe wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi na mengine yote huyasema kwa Kimwera, alimwuliza kama hizo ni za kupopolea mabibo.

Tukaoana, tukawa watu wa miji miwili. Mimi na studio yangu Nachingwea, yeye siku nyingi Ruangwa na mikorosho yake, tukikutana pale barabara inapokubali. Fimbo hakuziacha. Kila mwaka alikuwa akizipaka mafuta na kuzirudisha uvunguni, na nikimwona anafanya hivyo nilikuwa najua kwamba kuna sehemu ya mtu huyu sijaolewa nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili simu ikaja kwa mwenye duka jirani yangu, ambaye alikuwa na simu ya mezani na alikuwa akituitia watu kwa kelele. Aliyepiga alikuwa bwana mmoja wa Dar ambaye mume wangu alimbebea mifuko zamani. Walikuwa wanatafuta mwalimu wa kufundisha watoto na watu wanaoanza gofu, kazi ya mshahara na nyumba ya kuishi. Jina lake limetajwa, lakini yapo na majina mengine, na wakubwa hawajamwona akipiga mpira miaka yote hiyo. Basi atume kanda ya video. Arekodiwe mara moja kutoka mbele ya kifua chake, mara moja kutoka upande wa mkono wa kulia. Fimbo ionekane mwanzo mpaka mwisho, na vidole vionekane vimeishika vipi. Kanda ifike kabla wakubwa hawajakaa kikao, na kikao kilikuwa karibu.

Sikutaka aende. Nalisema hapa kama nilivyolisema siku ile, mbele yake, bila kupepesa macho. Dar ingemchukua, mimi ningebaki na studio, na mama mkwe, na mikorosho inayotaka kupuliziwa dawa. Lakini nilimwona alivyorudi kutoka kwenye simu. Alikuwa amenyooka mgongo kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu nimjue, na roho iliniuma nilipogundua kwamba kumbe alikuwa mrefu hivyo. Tatizo ni kwamba nilishasema. Tangu hapo kila nililolisema kuhusu kamera alilisikia kama la mtu anayemfungia mlango.

Kupiga nje hakukuwezekana. Masika yalikuwa yamekolea, na mipira aliyobaki nayo ilikuwa michache. Nje ungepiga mmoja, ukapotelea kwenye mashamba ya ufuta, basi. Ruangwa kulikuwa na ghala la korosho ambalo msimu ukiisha hukaa bila korosho, refu, lenye paa la juu na mlango mpana wa kupitisha lori. Mlinzi wake alikuwa rafiki wa mume wangu. Wakashona magunia ya juti yakawa pazia zito, wakalitundika kwenye boriti, mpira ukipigwa unazama humo na kuanguka chini. Wazo lilikuwa zuri na nilimsifu. Lakini ndani kulikuwa na giza la ghala, na giza ndilo adui wa kitu kinachokwenda kasi.

Yule wa harusi alikuja kwanza, maana mume wangu alishamwita bila kuniuliza. Akarekodi, akaondoka na sifa zake. Kanda tuliitazama kwenye kibanda cha video cha Nachingwea, mchana, kabla watu wa sinema hawajaingia. Jamani, mume wangu alipendeza! Mwili ulizunguka taratibu, mabega yakafunguka, akamalizia na fimbo nyuma ya shingo kama mtu wa kwenye kalenda. Lakini fimbo yenyewe haikuwepo. Kulikuwa na ukungu mweupe ukimzunguka, na mikono yake ilikuwa bonge moja la rangi ya kahawia.

Nikamweleza, na nilijitahidi kueleza kwa upole. Ndani ya kamera kuna shata, kitu kinachofunguka na kujifunga. Kikichelewa kujifunga, chochote kinachokwenda mbio kinajipaka kwenye picha, ndiyo maana pangaboi likizunguka huoni mapanga yake. Kamera ile kubwa shata yake ilikuwa ya harusi, ya watu wanaokata keki. Kamera ya padri ilikuwa na kitufe cha kuchagua shata ya haraka, haraka kiasi cha kuisimamisha fimbo hewani. Padri aliwahi kunionyesha alipokuja kupiga picha ya pasipoti.

"Hivi ndivyo gofu inavyoonekana," mume wangu alisema, akikitazama kioo. "Hii inatosha."

"Wamesema wanataka vidole. Hapa vidole viko wapi?"

Akasema, bila kunigeukia, "Wewe hutaki niende."

"Sitaki uende," nikamjibu. "Lakini kanda yako nitaipiga mimi, na nitaipiga vizuri. Sitaki mtu akae Dar aseme mke wa huyu jamaa ana studio na hajui kazi."

Hakunijibu. Nikachukulia ukimya kuwa ruhusa, nikaenda kwa padri.

Padri hakuwa mgumu, ila sharti lake lilikuwa moja. Jumapili kulikuwa na kipaimara na watu wote wa parokia walikuwa wanategemea kamera hiyo, kwa hiyo irudi kabla ya hapo, kavu na nzima. Akaniongezea na kioo kingine, lenzi fupi ya kuzungusha na kukaza mbele ya ile ya kamera, ya kukufanya uone eneo pana ukiwa mahali finyu. Nilifurahi mno. Nikavifunga vyote kwenye khanga mbili, nikavitumbukiza kwenye ndoo yenye mfuniko, nikapanda gari la mizigo la kwenda Ruangwa. Njia ilikuwa tope tupu. Tulikwama, wanaume wakashuka kusukuma, mvua ikaja, na mimi nimeikumbatia ile ndoo huku abiria wananiuliza kama nimebeba mayai. Nikawaambia ndiyo, mayai, na yeyote atakayenigusa nayo tutaonana wabaya.

Asubuhi yake tukaingia ghalani. Mume wangu alikuwa amenuna, lakini alikuwa amenyoa ndevu. Mama mkwe alikuja na kigoda chake akakaa pembeni ya mlango, akasema kwa Kimwera jambo ambalo mlinzi alinitafsiria: kwamba hajawahi kuona watu wazima wanaamka mapema kwa ajili ya kupiga gunia.

Nilianza na ile lenzi ya padri ya kupanua. Nusu ya ghala ilikuwa imejaa mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa. Nafasi ya kurudi nyuma ilikuwa ndogo. Nikaikaza lenzi, mume wangu akaingia mzima kwenye picha, kuanzia visigino mpaka ncha ya fimbo ikiwa juu. Nikashangilia moyoni. Kisha nikamrekodi mara moja, nikafungua kile kioo kidogo cha pembeni cha kamera kutazama, na kichwa kikaniwaka. Fimbo ilikuwa imepinda kama upinde wa kuwindia ndege. Ilikuwa imenyooka mikononi mwake, lakini ile lenzi ilikunja kila kitu kilichokaribia pembeni mwa picha. Mtu wa Dar angetazama fimbo iliyopinda na kudhani mpigaji ndiye anapinda. Wakubwa wenyewe wangecheka, na kazi ingekwenda kwa mtu mwingine kwa sababu ya kipande cha kioo.

"Sasa je?" mume wangu akasema. "Si uliitaka mwenyewe?"

Nilimpa vidonge vyake, kisha nikaifungua lenzi ile nikaifunga kwenye khanga. Dawa ilikuwa kurudi nyuma na kumvuta kwa lenzi ya kamera yenyewe, maana ukiwa mbali vitu vinabaki na unyoofu wao. Na kwa kuwa ndani nafasi ilikuwa imeliwa na salfa, nikatoka nje. Nikasimama uwanjani, kwenye matope, nikamtazama kupitia mlango wa lori. Kamera niliiweka juu ya pipa, usawa wa mikono yake, si usawa wa uso. Nilimgeuza mume wangu na pazia lake la magunia mpaka kifua kikaelekea mlangoni. Nikachungulia. Fimbo ikanyooka.

Likabaki suala la nuru. Shata ikiwa ya haraka, kamera inakunywa nuru kidogo mno, na nilipoiweka pale nilipotaka, picha ilikuwa nyeusi kama usiku. Jenereta ya kukodi ingetupa taa, lakini taa zile zingemwangazia mende tu. Nikamwomba mlinzi mabati mapya yaliyokuwa yameegemezwa nyuma ya ghala yakisubiri fundi. Studioni kwangu nilikuwa nikirudisha nuru ya dirisha kwa shuka jeupe. Hapa nilihitaji kitu kikali zaidi. Tungeyasimamisha mabati juani, yatupe jua ndani ya mlango, juu ya mwili wake.

Jua lilikuwa linatoka na kuingia. Likitoka ni kali, la kuchoma, kisha wingu linafunika. Mlinzi alikwenda kulibeba bati la kwanza, akaliachia na kupiga kelele, akaanza kupuliza viganja. Mume wangu akamcheka. Akaliinua yeye, mkono wa kushoto mtupu umeshika ukingo, akalileta mpaka mlangoni bila haraka, akaliegemeza, akarudi kuchukua lingine. Mlinzi akasema huyu ana mikono ya mhunzi. Sote tukacheka, na mama mkwe naye akacheka.

Nuru ilipoingia ghalani nilitaka kulia kwa furaha. Ilimpiga kuanzia magotini mpaka kichwani, nyeupe, safi, hata vumbi la salfa likaonekana likielea. Nikachungulia tena. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa mkono wa kushoto. Alikuwa ameshavaa glovu yake nyeupe, ile wanayoivaa wachezaji wa gofu mkono mmoja, na nuru ya bati ilikuwa inaipiga mpaka inawaka. Kwenye kamera ilionekana kipande cheupe tu, hakina kidole hata kimoja.

"Vua glovu," nikamwambia.

"Haivuliwi."

"Inaunguza picha. Vidole havionekani."

"Fimbo itateleza."

Tulitazamana. Wingu lilikuwa linasogea, nililiona kwa pembe ya jicho, na mimi nikiona nuru inapotea huwa sina subira hata na mtoto wangu wa kuzaa. Nikamwambia kama anataka kanda bila vidole akamwite yule wa harusi. Akaivua taratibu, akaichomeka mfukoni. Upande wa kiganja, chini ya kidole kidogo mpaka kwenye kifundo, kulikuwa na lile baka lake lililopauka. Sote tulilijua. Huku kwetu kila mtu aliyewahi kuchoma na kubangua korosho ana alama mikononi, maana mafuta ya ganda lake yanababua ngozi, yanaacha mabaka na vidole vigumu kama magome. Ukiona baka huulizi. Mama mkwe anayo, mlinzi alikuwa nayo, na shangazi wa mume wangu alipotezewa na mafuta hayo kucha mbili.

Mara ya kwanza fimbo ilimtoka. Iliruka ikagonga magunia, ikaanguka chini kwa mlio ambao ulimfanya mama mkwe ainuke kwenye kigoda. Mume wangu aliiokota, akapangusa mpini kwenye suruali, akasimama tena. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Niliona alivyokaza mkono wa kulia mpaka mishipa ikatokeza, na nikaogopa, sikujua naogopa nini. Akapiga. Mpira ukazama kwenye gunia kwa kishindo kizuri. Akapiga tena, na tena. Nikamgeuza upande, tukahamisha mabati, akapiga huku mimi nimeshikilia pumzi na wingu linakula ukingo wa jua. Mvua ilipoanza nilikuwa nimeshaifunika kamera kwa khanga. Tulikuwa tumepata.

Kesho yake, Ijumaa, tukarudi Nachingwea na gari la alfajiri, na kabla ya saa sita tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi ya kibanda cha video, sisi wawili tu. Mwenye kibanda alituachia ufunguo. Basi la Dar lilikuwa linaondoka Jumamosi alfajiri, na dereva alishakubali kuibeba kanda. Nikaunganisha nyaya za kamera kwenye televisheni. Mume wangu alikaa mbele kabisa, magoti yamegusana.

Ilikuwa kanda nzuri. Nasema hivi kama fundi. Nilipobonyeza kusimamisha, fimbo ilisimama hewani, imenyooka, hata maandishi ya kwenye mpini nusura uyasome. Nikabonyeza ile ya kusogeza picha moja baada ya nyingine. Fimbo ikapanda. Ikafika juu, nyuma ya bega lake la kulia. Hapo nikasimamisha.

Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto havikuwa vimeshika kitu. Vilikuwa vimejikunja kidogo, vimeachana na mpini, na kati ya mpini na vidole uliiona rangi ya gunia la nyuma. Nikasogeza mbele. Fimbo ikashuka, na vidole vikabaki hivyo hivyo. Nikamtafuta kwenye pigo jingine, na jingine. Kila pigo lilikuwa na tobo lile lile. Mkono wa kulia ndio uliokuwa unafanya kazi yote, na kichwa cha fimbo kilikuwa kinafika kwenye mpira kikiwa kimegeuka. Mimi si mtu wa gofu, lakini hata mimi niliona kwamba anayefundisha watoto kushika fimbo hawezi kuwa ni huyu.

"Unaona ulichofanya," mume wangu alisema.

Sauti yake ilikuwa ya chini. Akasema nilimvua glovu makusudi. Akasema nilijua, ndiyo maana nilikwenda mpaka kwa padri kutafuta kamera ya kumuumbua, na kwamba kanda ya harusi ilikuwa inamtosha na mimi sikulala mpaka nilipoiharibu. Akasema mengi, na mengine yalinichoma mpaka leo sitaki kuyaandika. Kwa kawaida ningekuwa nimeshasimama, mikono kiunoni, tunajibizana mpaka wapita njia wasimame. Siku ile sikuwa na hasira hata ya kuazima. Nilikuwa nakumbuka mlinzi anavyopuliza viganja, na huyu wangu anatembea na bati mkononi bila haraka.

Nikaenda kukaa kando yake. Nikamnyooshea mkono wangu.

"Nishike hapa," nikamwambia. "Kwa vidole hivyo viwili tu. Nibane."

"Niache."

"Nibane, Baba watoto."

Akanishika kifundo cha mkono. Alinitazama usoni kwa chuki, na nikaona taya linakaza, na bega, na shingo. Alikuwa anabana kwa nguvu zake zote. Kwenye ngozi yangu kulikuwa kumelala vidole viwili kama vya mtu aliyesinzia.

"Nimebana," akasema.

"Hujabana."

"Nimebana!"

Nikatikisa kichwa. Akaangalia chini, kwenye mkono wangu, akavitazama vidole vyake muda mrefu. Kisha akanena kwamba ni mafuta ya korosho, kwamba yalimwingia msimu uliopita na ganzi itatoka yenyewe, mama yake naye ilimtoka. Nikamwuliza imeanza lini. Hakujua. Nikamwuliza kama lile baka linawasha. Akasema halijawahi kuwasha, haliumi, halina shida yoyote, na hilo ndilo lililonitisha, maana mafuta ya korosho nayajua mimi mwenyewe, na yanaumiza vibaya.

Akaitoa kanda ya harusi mfukoni. Alikuwa amekuja nayo. Akasema itakwenda hiyo, wataona mwili unavyozunguka, wataridhika, akifika Dar mkono utakuwa umepona. Nikamwambia sawa. Nikazitia zote mbili kwenye mkoba wangu, ya harusi na ya padri, nikamwambia basi linaondoka kesho, leo bado ipo. Twende kwanza hospitali, mtu wa kazi hiyo autazame mkono. Akisema ni korosho, nitaipeleka mwenyewe kanda ya harusi kwa dereva na sitafungua mdomo. Nilimwapia. Nadhani alikubali kwa sababu alitaka kunishinda.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mpole, mwenye miwani. Alilitazama baka, akaligusa, hakuonyesha kushtuka. Akamwuliza habari za korosho na mume wangu akazieleza zote. Kisha akamshika kiwiko, akapitisha kidole nyuma ya mfupa, pale ambapo ukijigonga unasikia umeme, akawa anasugua kitu ndani kwa ndani kama anayetafuta uzi kwenye pindo la nguo. Akafanya hivyo na mkono wa kulia, akarudi wa kushoto. Akaniambia nami niguse. Kwenye mkono wa kulia sikupata kitu. Kwenye wa kushoto kulikuwa na kamba nene, imevimba.

Akatuambia bila kuzunguka. Wako watu wengi huku wanaokuja wamechelewa kwa sababu waliisingizia korosho. Alidhani ni ukoma. Akasema vidonge vipo, ni bure, unakunywa unapona, huwaambukizi watoto, hufukuzwi na mtu. Mume wangu alikuwa kama hajayasikia hayo yote. Aliuliza jambo moja tu, kama vidole vitashika tena.

Daktari akasema inategemea. Kama mshipa huo wa fahamu bado unahisi, hata kidogo, basi tumeuwahi na nguvu inaweza kurudi. Kama hauhisi kitu na umekaa hivyo muda mrefu, ugonjwa utapona lakini vidole vitabaki hivyo hivyo. Akasema kuna kipimo kidogo cha kujua, hakiumi. Mume wangu akageuka akanitazama mimi, na mkoba wangu wenye kanda, kisha akaunyoosha mkono mezani.

Daktari akachukua pamba, akaisokota mpaka ikawa na ncha nyembamba. Akamwonyesha. Atafumba macho, na kila akiguswa na pamba aweke kidole cha mkono mwingine mahali alipoguswa. Wakajaribu kwanza na macho wazi ili aelewe. Mume wangu akaelewa upesi, alikuwa mwepesi wa kufundishika. Akafumba macho.

Daktari alimgusa juu ya kiwiko, na kidole cha mume wangu kikafika hapo hapo. Akamgusa kidole gumba, na kidole kikafika. Mume wangu akatabasamu kidogo, kama mwanafunzi aliyejibu. Nami nikajikuta natabasamu, na ndani kabisa nikawa naomba kwa Mungu aende Dar, aende hata leo, aniache na mikorosho yote na mama yake.

Kisha pamba ikaenda kwenye baka. Ikaenda kwenye kidole kidogo, kwenye ncha yake, pembeni, kwenye pingili. Ikapanda kidole cha pili yake. Ikarudi. Daktari alikuwa akifanya pole pole, akingoja kila mahali, wala hakuinua uso. Mume wangu alikuwa amekaa wima, macho kayafumba vizuri, bila kuchungulia, kidole cha kulia kimeinuliwa hewani tayari. Alingoja kwa uvumilivu mkubwa. Daktari akaiweka pamba mezani.

"Daktari, anza basi," mume wangu akasema. "Mimi niko tayari."

Nikamshika bega. "Ameshamaliza, Baba watoto," nikamwambia.